Kuchemsha, klorini, jua au chujio: maji ya masika na maji ya dago

Mwaka ule tulipiga dago, yaani kambi ya wavuvi, siku 12 kwenye kisiwa kidogo magharibi ya Pemba. Tulikuwa watu 9 na madumu manne ya maji tuliyotoka nayo bandarini. Siku ya tano maji yakaisha. Ami akavuka na ngalawa, akarudi na maji ya kisima cha kijiji cha ng'ambo, rangi yake kama chai iliyopungukiwa majani. Tukayachemsha. Jikoni nilikuwepo mimi mwenyewe: sufuria kubwa juu ya mafiga matatu, makumbi na vifuu vinawaka, maji yanatokota mpaka kifuniko kinarukaruka. Yalipopoa nikayamimina kwenye ndoo ya buluu, nikaifunika. Asubuhi ya pili yake wenzetu watatu wanaharisha, mmoja wao hawezi kusimama.

Ndoo ile ya buluu ilikuwa ya chambo. Iliwahi kusuuzwa kwa maji ya bahari, basi. Na kikombe cha kuchotea kilikuwa kimoja, kila mtu anakitumbukiza na vidole vyake vilivyotoka kupasua samaki. Moto ulifanya kazi yake kamili, sisi tukayaharibu maji baada ya moto.

Tangu siku hiyo sijaacha kulifuatilia jambo hili. Nimejaribu karibu kila njia inayopatikana kwetu, nyumbani na safarini, na masika mawili nimesaidia shehiani kugawa vidonge vya maji. Ninaloliona ni kwamba watu huulizana "dawa ipi ina nguvu zaidi?", na swali hilo peke yake halitoshi. Mimi huanza na maswali mawili: maji uliyonayo ni meupe au ya tope? Na ukishayasafisha, yatakaa wapi mpaka yafike mdomoni? Nitazilinganisha njia zote kwa maswali hayo.

Tunapambana na nini

Kwenye maji machafu mna makundi matatu ya vijidudu. Bakteria, ndimo wamo wa kipindupindu na homa ya matumbo. Virusi, kama vile vya homa ya ini aina ya A na vya kuharisha kwa watoto. Na vimelea, kama amiba na giadia. Wanatofautiana ukubwa na ugumu, ndiyo maana njia moja huwamaliza hawa ikawaachia wale.

Sisi wa visiwani tuna na jambo letu la ziada. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja, na pande za Micheweni kule Pemba, ni maweni, jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Mvua ikinyesha, maji hayapati udongo mnene wa kuyachuja taratibu. Yanatumbukia kwenye ufa na kuibukia kisimani, pamoja na kilichokuwa juu ya ardhi na kilichokuwa kwenye shimo la choo la jirani. Kisima kilichokuwa kizuri Januari usikiamini Aprili.

Na si hofu ya bure. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilizika maelfu ya watu Unguja. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeingiza maji mjini kwa bomba kutoka chemchemi ya Bububu. Ugonjwa ulipozuka mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi, waliougua walihesabiwa 411 na waliokufa 51. Umerudi mara kadhaa tangu hapo, na mlipuko wa 2015 na 2016 watu wazima wote wa leo wanaukumbuka.

Kabla ya yote, tope

Njia nyingi nitakazozitaja huanguka hapa. Klorini humalizikia kwenye uchafu kabla haijawafikia vijidudu. Mwanga wa jua haupiti. Chujio huziba. Basi maji ya tope yashughulikie kwanza, ndipo uyatie dawa.

Rahisi kuliko yote ni kuyaacha yatulie usiku kucha kisha kuyamimina polepole kupitia kitambaa. Hapa kanga kuukuu ni bora kuliko mpya. Kanga mpya ina wanga na rangi, ilhali iliyofuliwa miaka mingi nyuzi zake zimevimba na matundu yamekuwa madogo. Kule Bangladesh watafiti waliwafundisha akina mama kuchuja maji ya mabwawa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48 katika vijiji hivyo. Sababu ni kwamba bakteria wa kipindupindu hupenda kung'ang'ania wadudu wadogo mno waishio majini, na wadudu hao hawapiti kwenye kitambaa kilichokunjwa. Visima vyetu si mabwawa ya Bangladesh, kwa hiyo usichukue kanga kuwa ndiyo dawa yenyewe. Ichukue kuwa hatua ya kwanza isiyo na gharama. Ikunje mpaka ipate tabaka nane, ukimaliza ifue na uianike juani mpaka ikauke kabisa.

Wazee wetu walitumia shabu, ile ile wanayopaka vinyozi baada ya kunyoa. Hukoroga, tope linashikana na kuzama chini. Mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa hufanya kazi kama hiyo, ila maji yake usiyaweke zaidi ya siku moja maana mabaki ya mbegu huyaharibu. Shabu na mlonge hung'arisha maji. Havimalizi vijidudu, na maji yanayong'aa ndiyo yanayowadanganya watu wengi.

Kuchemsha na klorini: hapa ndipo penye uamuzi

Kwa nyumba nyingi za kwetu, hizi mbili ndizo zilizopo. Nitazikalia zaidi.

Kwa nguvu ya kuua, kuchemsha hakuna mpinzani. Moto huua bakteria, virusi na vimelea wote, hata maji yakiwa na ukungu. Wala hapahitajiki dakika 20 kama tulivyofundishwa utotoni. Maji yakishatokota kwelikweli, mapovu makubwa yakapanda kutoka chini bila kukoma, dakika 1 inatosha. Wanaoishi milimani juu ya mita 2,000 ndio wanaoambiwa wafikishe dakika 3, na visiwa vyetu havina mlima wa namna hiyo. Zile dakika 19 nyingine ni kuni na mkaa unaoteketea bure.

Na kuni ndizo tatizo lenyewe. Hesabu wanayoitumia sana watu wa maji ya dharura ni karibu kilo 1 ya kuni kwa lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya watu 6, kila mmoja lita 3 za kunywa kwa siku. Ni lita 18, dumu moja la lita 20 tuseme. Basi unatafuta mzigo wa kuni wa kilo 18 kila siku kwa maji ya kunywa tu, hujaweka chungu cha wali. Wakati wa masika kuni zenyewe zimelowa, jiko la mkaa liko ukumbini kwa sababu nje kunanyesha, na moshi unawaingia watoto. Mwenye jiko la gesi amepumzika kidogo, mpaka mtungi wa gesi umwishie.

Udhaifu wa pili wa kuchemsha ni ule uliotuangusha sisi dagoni. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Yakishapoa, kidole kimoja kichafu kinayarudisha yalikotoka. Watu wengi pia huyapoza kwa kuyachanganya na ya mfereji (ya bomba) ili yanyweke haraka, na hapo kazi yote ya moto imepotea.

Klorini ndiyo kinyume chake. Kidonge kimoja cha dawa ya maji, kile cha miligramu 67 kinachouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya dumu la lita 20, unakitumbukiza, unatikisa, unasubiri dakika 30. Hakuna kuni wala moshi. Lile dumu lililokula kilo 18 za kuni limekula kidonge kimoja, na bei ya kidonge haifiki ya chupa moja ya maji ya dukani. Maji yakiwa na ukungu na huna namna ya kuyangoja yatulie, tia viwili. Vidonge vina ukubwa tofauti, vingine ni vya lita chache tu, kwa hiyo soma pakiti kila unaponunua.

Na kubwa kuliko yote kwangu: sehemu ya klorini hubaki majini. Kidole kikiingia, kikombe kikitumbukizwa, kuna kitu ndani kinachopambana. Ndiyo maana kwa maji yatakayokaa ndani ya chombo nyumba nzima ikichota, nampa klorini nafasi ya kwanza mbele ya moto.

Inashindwa wapi? Kwenye tope, nimeshasema. Na kwa baadhi ya vimelea, hasa kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kiwango cha kunywa haikiwezi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huugua akapona. Mwenye kinga dhaifu na mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga, hao wachemshie. (Mtoto aliye chini ya miezi 6 anayenyonya ziwa hahitaji maji kabisa, ya aina yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha hata kwenye joto la Februari.)

Vidonge vikikosekana, dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe, kama Jik, inaweza kushika nafasi. Iwe ile isiyo na manukato, isiyo na sabuni, na isiyokaa rafuni mwaka mzima, maana joto na siku huipunguza nguvu. Tazama asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Ya asilimia 5 hadi 6, tia matone 2 kwa kila lita. Ya asilimia 3.5, matone 3. Tikisa, funika, subiri dakika 30, kisha nusa. Ukisikia harufu kwa mbali, kama nguo nyeupe iliyoanuliwa kambani, yako sawa. Usiposikia kitu, rudia kipimo hicho hicho na usubiri tena. Ikikupanda puani ukakohoa, umezidisha.

Harufu hiyo ndiyo inayowakimbiza watu, na siwadharau. Bibi yangu alikuwa akifukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuutia maji, na mpaka leo nikinywa maji yenye harufu ile namkumbuka yeye na ukumbi wake. Mtu aliyekulia maji hayo ukimpa yanayonuka dawa anaona umemtusi. Nilichojifunza ni kutia dawa jioni. Ukitia jioni, ukayaacha usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa kitambaa safi, asubuhi harufu imepungua sana. Kuyamimina mara kadhaa kutoka chombo safi kwenda kingine safi nako kunasaidia.

Na nimeulizwa na akina mama, zaidi ya mara moja na kwa sauti ya chini, kama vidonge hivi vina dawa ya kuzuia uzazi. Havina. Ni klorini, jamii ile ile inayotiwa kwenye maji ya mfereji, kwa kipimo kidogo. Anayeuliza hivyo hapaswi kuchekwa. Mjibu na umwonyeshe unavyoyanywa mwenyewe.

Jua

Njia hii naipenda kwa sababu haigharimu chochote, na kwa sababu maji hubaki ndani ya chupa ile ile mpaka unywe. Hakuna kata wala ndoo. Kwa swali langu la pili, yenyewe ndiyo safi kuliko zote.

Chukua chupa nyeupe za plastiki zilizouziwa maji, zisizozidi lita 2, zisizo na rangi wala mikwaruzo mingi. Bandua karatasi. Jaza maji meupe, funga, laza juu ya bati. Saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, saa sita za jua kali, basi. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, ziache siku mbili. Kama mvua imeng'ang'ania siku nzima, usiitumie njia hii kabisa. Kupima weupe wa maji, simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia kupitia mdomoni mpaka chini. Ukiweza kusoma herufi kubwa za kichwa cha habari, yanafaa.

Aliyeanzisha uchunguzi wake ni Profesa Aftim Acra wa Lebanon, miaka ya 1980, na taasisi moja ya maji ya Uswisi ikauendeleza kuanzia 1991. Mionzi ya jua inayoharibu vijidudu inapatikana vya kutosha mpaka digrii 35 kaskazini na kusini ya ikweta. Unguja iko digrii 6 kusini, Pemba 5. Jua tunalo.

Kasoro yake ni wingi. Zile lita 18 za nyumba ya watu 6 ni chupa 12 za lita moja na nusu juu ya bati, na nyingine 12 ndani zinazonywewa siku hiyo. Na dharura yetu kubwa ni masika, wakati ambapo jua lenyewe ndilo limekosekana. Kwa hiyo naona ni njia ya kaskazi na ya kusi, ya wakulima wa mwani wanaoshinda pwani, na ya nyumba ya mtu mmoja au wawili. Ramadhani ikiangukia wakati wa jua, chupa zinazotoka batini alasiri zinapoa vizuri mpaka kufuturu.

Machujio

Chujio la udongo wa kuchoma, lile lenye umbo la chungu ndani ya ndoo yenye koki, lilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos. Udongo huchanganywa na unga wa mbao, ukichomwa unga unaungua na kuacha vitundu vidogo, kisha hupakwa madini ya fedha. Hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa. Ladha yake ni ya mtungi, na wazee wanalikubali bila kubembelezwa. Huzuia bakteria na vimelea, virusi wengi hupita. Likianza kuwa zito lisugue kwa brashi na maji safi, bila sabuni. Kwa nyumbani ni zuri mno. Kwa safari, sahau. Ufa mmoja usioonekana, nalo si chujio tena.

Chujio la nyuzi, kama Sawyer na LifeStraw, ndilo wanalobeba wageni wanaokuja kupiga kambi, na sasa baadhi yetu. Ndani mna vijirija vyembamba vyenye vitundu vya maikroni 0.1 au 0.2 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Bakteria na vimelea ni wakubwa kuliko hapo, wanabaki nje. Virusi vya homa ya ini A vina kama maikroni 0.03, vinapita kama samaki mdogo kwenye jarife. Kwa mto wa msituni usio na watu hilo si jambo kubwa. Kwa kisima cha kijiji chenye vyoo vya shimo kandokando ni jambo kubwa sana, kwa sababu virusi hivyo hutoka kwa binadamu wenzetu. Hapa kwetu maji yaliyopita kwenye chujio la nyuzi hutiwa na klorini. Vikikutana, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake: chujio linazuia vimelea ambavyo klorini haiviwezi, klorini inaua virusi ambavyo chujio halivioni.

Chagua lenye sirinji ya kusukumia maji nyuma. Bila hiyo, ukikutana na maji ya tope mara mbili tatu limeziba. Na ule mrija wa kufyonzea moja kwa moja sipendekezi kwa kundi. Unakunywesha wewe peke yako ukiwa umeinama, haukupi maji ya kumpelekea mgonjwa.

Kalamu ya mwanga wa urujuanimno (UV) hukorogwa kwenye lita 1 kwa sekunde 90 na huua makundi yote matatu, maji yakiwa meupe. Inataka betri, na betri na chumvi ya baharini hazipatani. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Chumvi haitoki

Hili nalisema peke yake kwa sababu nimeona mtu mzima akichemsha maji ya kisima cha pwani akitumaini yatakuwa matamu. Katika njia zote nilizotaja, hakuna hata moja inayotoa chumvi. Kuchemsha kunaizidisha, maji yanapungua na chumvi inabaki. Kisima kikiingiliwa na bahari, dawa ni kutafuta maji mengine. Kukinga mvuke kwa kifuniko kilichogeuzwa inawezekana, lakini kwa kuni nyingi unapata kikombe.

Maji mengine yapo. Mvua ya masika ikianguka kwenye bati ni tamu. Iache kwanza ioshe bati, imwage kinyesi cha ndege na majani, ndipo ukinge, kisha utie klorini. Paa la makuti halifai, maji yake hutoka ya kahawia. Dagoni tandaza turubali safi. Na Mola ametupa madafu. Maji ya dafu lisilopasuka ni safi mpaka pale panga linapoligusa, na kwenye kisiwa chenye minazi yenye ruhusa ya kuangua, siku ya kwanza ya dhiki hunywewa hayo.

Mimi ningechagua nini

Masika, nyumbani, mfereji umekatika au umetoka na tope: kanga, kisha vidonge. Weka pakiti ya vidonge ndani ya nyumba kuanzia Februari, usingoje tangazo la sheha, maana siku ya tangazo duka limeshamalizika. Wenye kinga dhaifu na watoto wa maziwa ya unga wachemshie pembeni, kwenye birika, lita moja mbili hazili kuni nyingi.

Kambi ya kuchuma karafuu, ambako watu wengi wanalala pamoja wiki kadhaa na maji yanatoka kwenye kijito: klorini tena, na mtu mmoja awe na kazi hiyo kila jioni. Kazi ya wote haina mwenyewe. Kijito kikichafuka kwa mvua, tulizeni maji usiku.

Dago: beba maji kutoka nyumbani kwa kadiri chombo kinavyoweza, lita 3 kwa mtu kwa siku, na zaidi ukijua mtafanya kazi juani. Akiba iwe chujio la nyuzi na vidonge. Kuchemsha dagoni nakuachia chai, ambayo kwa kweli ni maji salama ambayo hakuna anayeyakataa.

Safari ya siku moja na watoto wa skuli, msitu wa Ngezi au Jozani: chupa za jua zilizoandaliwa jana, au maji ya dukani. Usianze kusafisha maji njiani na watoto 40.

Mtu ameshaanza kuharisha: chukua maji salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo kilichosawazishwa. Anywe kidogo kidogo bila kukoma, na mkianza kuona choo cheupe kama maji ya mchele msikae nyumbani kujaribu, pelekeni spitali usiku huo huo.

Chombo

Nilisema swali la pili ni maji yatakaa wapi. Dumu la mdomo mwembamba lenye kifuniko linashinda ndoo, na ndoo yenye koki inashinda dumu. Mtungi usiutupe, nami ninao. Ila kata yake iwe na mpini mrefu, itundikwe ukutani isilazwe chini, na anayechota awe mmoja, awamiminie wengine. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba halisafishiki, hata ulioshe mara saba. Dumu la maji lioshe kila wiki kwa sabuni na kokoto chache safi, likung'ute, lisuuze kwa maji yenye klorini.

Dagoni sasa tunakwenda na ndoo ya chambo iliyopakwa rangi nyekundu mpini mpaka kitako, hata gizani ukiishika unajua kwa ule ukavu wa rangi. Madumu ya maji yanakaa upande wa pili wa ngalawa, vidonge vimefungwa kwenye chupa ya plastiki isiyoingia maji, kanga kuukuu ya mama imekunjwa juu yake. Ami ndiye anayemimina. Mtu akinyoosha mkono wenye magamba ya samaki kuelekea dumu, anamwambia aoshe kwanza, nasi tunangoja.